Chungwa la 2005, kijani cha 2010: ni nini kilichomgeuza mpiga kura wa Kenya?

Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya waliikataa rasimu ya katiba kwa takriban asilimia 58 ya kura. Kabla miaka mitano haijatimia, tarehe 4 Agosti 2010, wakaipitisha nyingine kwa kura 6,092,593 dhidi ya 2,795,059. Mambo yaliyogombaniwa yalikuwa karibu yale yale: mamlaka ya rais, ugatuzi, ardhi, Mahakama za Kadhi, uavyaji mimba. Vigogo nao walikuwa wale wale, ila baadhi yao walikuwa wamehama upande. Ndiyo maana kura hizi mbili zinafaa kusomwa kwa pamoja kila anapotokea mtu wa kudai kwamba Mkenya akifika debeni kwa kura ya maamuzi hufuata kabila lake tu. Dai hilo hurudiwa kila msimu, nami naliona kuwa la uvivu, tena la kumdharau mpiga kura. Matokeo yenyewe yanalikanusha, hata katika mikoa iliyokuwa ikihesabiwa kuwa ngome.

Chukua Mkoa wa Kati mwaka 2005. Uhuru Kenyatta, mbunge wa Gatundu Kusini, mwenyekiti wa KANU na kiongozi rasmi wa upinzani bungeni, alisimama upande wa Chungwa, alama ya kura ya La, pamoja na Raila Odinga, Kalonzo Musyoka na William Ruto. Miaka mitatu tu nyuma alikuwa amegombea urais. Kama jina na ukoo vingetosha, angeugawa mkoa ule angalau vipande viwili. Haukugawanyika: zaidi ya asilimia 90 ya kura zilikwenda kwa Ndizi, alama ya Ndiyo, upande wa Rais Mwai Kibaki. Mwaka 2022, safari hii akiwa rais anayeondoka, Uhuru aliwaomba watu wa eneo lile lile wampe Raila kura za urais, nao wakampa Ruto.

Kwa hiyo mpiga kura hamfuati kigogo kwa sababu ni wake. Anamfuata pale anapoamini kwamba kigogo huyo analinda kitu ambacho yeye mwenyewe anaogopa kukipoteza. Mwaka 2005 watu wa Kati walikuwa na rais Ikulu, na rasimu iliyopelekwa kwa wananchi ilimwachia rais huyo mamlaka mengi. Aliyewaambia waikatae alikuwa akiwaomba waachie walichokuwa nacho mkononi. Nyanza hesabu ilikuwa hiyo hiyo ikitazamwa kutoka upande wa pili: mkataba wa maelewano wa mwaka 2002, ulioiunganisha NARC, muungano wa Kibaki na Raila, kabla ya uchaguzi, ulikuwa umebeba ahadi ya wadhifa wa waziri mkuu kwa Raila, kigogo wa Nyanza, ambayo haikutimizwa, na rasimu hii iliufanya wadhifa huo kuwa wa jina tu. Zaidi ya asilimia 80 ya kura za mkoa huo zilikuwa La. Mikoa yote miwili ilikuwa na sababu, na kila mmoja ulijua unachokipigania.

Wanasiasa wao walikuwa wakifanya hesabu ya namna nyingine, na safari ya rasimu yenyewe inaionyesha. Tarehe 15 Machi 2004 wajumbe wa kongamano la kitaifa la katiba lililokutana Bomas, Nairobi, chini ya Profesa Yash Pal Ghai, walipitisha rasimu iliyompa waziri mkuu madaraka halisi, baada ya mawaziri wa upande wa Kibaki kutoka ukumbini. Siku 10 baadaye Mahakama Kuu ikaamua katika kesi ya mchungaji Timothy Njoya kwamba katiba mpya haiwezi kupatikana bila wananchi wenyewe kuipigia kura. Uamuzi huo ndio uliofungua mlango wa kura ya maamuzi. Lakini kati ya Bomas na kura palikuwa na Bunge, na Bunge likaibadilisha rasimu. Kamati yake ilikutana Kilifi, mwaka 2005 Bunge likaidhinisha mabadiliko, na mwezi Agosti Mwanasheria Mkuu Amos Wako akachapisha hati iliyobaki na jina lake. Yaani swali lililofika kwa mwananchi halikuwa tena lile lililojadiliwa Bomas. Lilikuwa limeandikwa upya na upande mmoja wa serikali, ukitarajia kwamba karata za Ikulu zingetosha kulipitisha.

Karata hizo zilitumika. Wakati wa kampeni serikali iligawa hatimiliki, ikatangaza wilaya mpya, na mwezi Septemba ikaiondolea Amboseli hadhi ya mbuga ya taifa ili iwe chini ya baraza la wilaya la Olkejuado. Bonde la Ufa, mkoa uliopokea sehemu kubwa ya ukarimu huo, uliikataa rasimu kwa takriban kura tatu katika kila nne. Zawadi ya aina hiyo hushindwa kwa sababu inayoeleweka vizuri. Mtu anayepewa hati ya ardhi wiki chache kabla ya kura anajua kwamba hati hiyo inamtegemea aliyeitoa. Kumbe akipiga kura ya La bado hati anayo, na aliyempa bado ataihitaji kura yake mwaka 2007. Anaipokea kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anapiga kura anavyotaka.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga debe wa Ndiyo hulisahau katika kila nchi: La haihitaji kukubaliana. Ndiyo inabeba kurasa zote za rasimu, kuanzia utangulizi hadi jedwali la mwisho, na kila ibara ina adui wake. Mfano mzuri ni mahakama za dini. Mahakama za Kadhi zilikuwa ndani ya katiba tangu uhuru, kutokana na makubaliano ya mwaka 1963 kuhusu ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Rasimu ya Wako, katika kujaribu kuwaridhisha wote, ilizigeuza kuwa kundi la mahakama za dini, za Kikristo na za Kihindu zikiwemo. Makanisa kadhaa yaliikataa kwa kuona Kadhi bado yumo. Viongozi wengi wa Kiislamu waliikataa kwa kuona Kadhi amepunguzwa hadhi. Wote wakatia alama kwenye Chungwa, kila mmoja kwa sababu iliyopingana na ya mwenzake, na msimamizi wa kituo akazihesabu kura hizo kwa pamoja. Pwani na Kaskazini Mashariki zilisema La mwaka huo kwa wingi mkubwa.

Kiongozi aliyeshinda kwa La huwa hana muungano wa kweli mkononi, na Chungwa walilijua hilo mapema. Siku mbili baada ya kura Kibaki alilivunja baraza lake lote la mawaziri, na alipoliunda upya waliompinga wakawekwa nje. Kufikia uchaguzi wa 2007 Chungwa lilikuwa limepasuka: Raila na ODM, Kalonzo na ODM-Kenya, na Uhuru amerudi kumuunga mkono Kibaki. Walikubaliana juu ya walichokikataa tu. Kuhusu nani awe nani baadaye, hawakuwahi kukubaliana.

Kilichobadilika kati ya 2005 na 2010, kwa maoni yangu, ni jibu la swali moja ambalo halikuandikwa kwenye karatasi ya kura: hii ikianguka, tunabaki na nini? Mwaka 2005 jibu lilikuwa jepesi. Ukiikataa rasimu unabaki na katiba ya zamani na nchi yenye amani, na Kibaki alikuwa amechaguliwa kihalali miaka mitatu tu nyuma. Kukataa hakukuwa na gharama. Mwaka 2010 mpiga kura alikuwa ameiona gharama kwa macho yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Mapatano yaliyosimamiwa na Kofi Annan, yaliyotiwa saini tarehe 28 Februari 2008, yaliitaja katiba kuwa miongoni mwa vyanzo vya muda mrefu vya mgogoro. Katiba ya zamani haikuwa tena mahali salama pa kurudi. Mtu aliyelala kambini Nakuru au Eldoret mwaka 2008 hakuhitaji semina ya uraia ili aelewe ubaya wa kiti kimoja kinachobeba kila kitu.

Waliounda mchakato wa pili walijifunza pia. Rasimu ilipewa Kamati ya Wataalamu chini ya wakili Nzamba Kitonga, yenye wajumbe watatu wa kigeni. Mwezi Novemba 2009 kamati ilitoa rasimu yenye rais na waziri mkuu. Januari 2010 wabunge wakakaa Naivasha, wakaufuta mfumo huo wa mseto na kuweka rais mwenye mamlaka ya utendaji, anayedhibitiwa na Bunge na serikali za kaunti. Usidhani waliongoka kifalsafa. Kila upande uliamini mgombea wake anaweza kushinda uchaguzi uliotarajiwa 2012, na anayeamini atakalia kiti hataki kigawanywe. Mara hii hesabu ya ubinafsi iliwaelekeza mahali pamoja.

Kizingiti nacho kilifanya kazi yake. Ili kubadilisha rasimu bungeni zilihitajika kura 145, yaani asilimia 65 ya wabunge 222. Yaliwasilishwa mapendekezo ya mabadiliko zaidi ya 150, na hakuna hata moja lililofikia idadi hiyo. Kila kundi lilikuwa na lake, na hakuna kundi lililokuwa tayari kulisaidia jingine kupitisha lake kwanza. Tarehe 1 Aprili 2010 rasimu ikapita kama ilivyo. Nadhani hapa ndipo ushindi wa kura ya Agosti ulipopatikana: Bunge la 2005 liliweza kuichezea rasimu, la 2010 halikuweza. Rasimu ikafika kwa wananchi bila alama za vidole za upande mmoja.

Hata hivyo ilikuwa na mahali pa kushambuliwa, na wapinzani waliyachagua vizuri. Ibara ya 26 inasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha inakataza uavyaji isipokuwa pale mhudumu wa afya aliyehitimu anapoona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au ikiruhusiwa na sheria nyingine iliyoandikwa. Maaskofu wa Katoliki na Baraza la Kitaifa la Makanisa walikwama kwenye neno “afya” na kwenye kifungu cha mwisho cha sheria nyingine. Kisheria hoja yao haikuwa ya kubuni, kwa kuwa maneno hayo kweli yanaacha nafasi ya tafsiri. Ibara ya 65 nayo ilimwekea asiye raia ukomo wa miaka 99 katika kukodi ardhi, hata kama hati yake ilisema 999, na Ibara ya 68 ikalitaka Bunge litunge sheria kuhusu kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya mtu binafsi. Katika Bonde la Ufa, ambako Ruto aliongoza kampeni ya La na Rais mstaafu Daniel arap Moi akaipigia debe, ibara hizo mbili zilichanganywa kuwa onyo moja: ardhi yako itachukuliwa. Ukomo wa miaka 99 haukumhusu raia hata kidogo. Kiwango cha juu kilimhusu, ila kingepitia Bunge kwanza. Mkulima wa ekari tano hakuwa na muda wa kuvitenganisha hivi viwili jukwaani, na waliokuwa na kipaza sauti walijua hivyo.

Matokeo yake yana funzo kwa pande zote mbili. Bonde la Ufa ndio mkoa pekee kati ya minane uliosema La. Lakini takriban kura 40 katika kila 100 za mkoa huo zilikuwa Ndiyo, na huwezi kuziita zote za “wageni”, neno la hatari ambalo limeshaumiza watu wengi huko. Makanisa makuu yalisema La katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya watu wake ni Wakristo, na bado Ndiyo ikapata takriban asilimia 67 ya kura zote zilizopigwa, zilizoharibika zikiwemo. Mkristo aliyeketi kanisani Jumapili akasikiliza mahubiri dhidi ya Ibara ya 26 alikwenda Jumatano akaipigia kura rasimu nzima. Hakumkosea heshima mchungaji. Aliweka ibara moja upande mmoja wa mizani na hofu ya kurudi 2008 upande wa pili, akaona kipi kizito. Kaskazini Mashariki na Pwani ziligeuka kutoka La hadi Ndiyo. Mahakama za Kadhi zilikuwa zimerudi peke yake katika Ibara ya 170 bila kufungwa kamba na za wengine, na ugatuzi ulikuwa na kaunti 47 zenye fedha zinazolindwa na katiba. Watu walisoma, au walisomewa na waliyemwamini, na wakabadilisha uamuzi.

Ndani ya msimu huo kulikuwa na kundi ambalo wananchi walilibatiza matikitimaji: kijani nje, nyekundu ndani, kufuatana na rangi za Ndiyo na La. Kalonzo na Uhuru walitajwa mara nyingi, nao wakakana. Kwa mwanasiasa mtikitimaji ni mpango unaoeleweka. Anamuunga mkono rais hadharani ili asipoteze wadhifa, anawaacha watu wake wa mashinani wafanye watakavyo ili asiwapoteze waliochukia rasimu, kisha anasubiri 2012. Udhaifu wa mpango huu ni kwamba kura ya maamuzi huhesabiwa eneo kwa eneo, na anayedai kuwa na ngome huulizwa siku inayofuata kwa nini ngome yake haikusikia. Ruto, kwa kulinganisha, alishindwa kitaifa lakini akatoka na mkoa mkononi. Alikuwa amepimwa kwa kura halisi mbele ya kila mtu, na kipimo hicho kilimpa thamani ya kujadiliana alipoungana na Uhuru kuelekea uchaguzi wa 2013. Kushindwa kura ya maamuzi si lazima kuwe hasara kwa mwanasiasa. Mwananchi akilielewa hilo, atasikiliza hotuba kwa sikio jingine.

Palikuwa na ahadi moja ya Ndiyo ambayo sikubaliani nayo hadi leo: pitisheni sasa, tutarekebisha baadaye. Wengi waliikubali rasimu kwa hesabu kwamba asilimia 80 ni nzuri na 20 itatengenezwa. Waliosema hivyo walipaswa kuwaonyesha watu Ibara ya 255. Jambo lolote linalogusa muhula wa rais, ugatuzi, Hati ya Haki au uhuru wa mahakama haliwezi kubadilishwa bila kura nyingine ya maamuzi, na katika kura hiyo lazima angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti, kisha wengi wakubali. Kizingiti hicho ni kizuri, na kiliwekwa makusudi ili rais asiifumue katiba kama ilivyofumuliwa mara nyingi baada ya uhuru. Lakini huwezi kukisifu kizingiti na kuahidi marekebisho rahisi katika hotuba moja.

Uthibitisho ulikuja na BBI (Building Bridges Initiative), mpango wa Uhuru na Raila wa kuibadilisha katiba. Baada ya Uhuru na Raila kupeana mkono tarehe 9 Machi 2018, walidhani wamepata tena fomula ya 2010: vigogo wawili wakubwa upande mmoja. Saini milioni 1 zinazotakiwa zilivukwa, mabunge ya kaunti zaidi ya 40 yakakubali ilhali 24 yangetosha, na kabla ya kura hizo wawakilishi wa wadi walikuwa wameahidiwa ruzuku ya magari ya shilingi milioni 2 kila mmoja. Mabunge yote mawili yakaupitisha mswada Mei 2021. Lakini mwananchi aliyeuliza mswada ukianguka anabaki na nini alijijibu kwamba anabaki na katiba aliyoipigia kura. Na alipouliza nani anafaidika, aliona waziri mkuu, manaibu wawili na maeneobunge 70 mapya. Mwaka 2010 vigogo walikuwa wamekubaliana juu ya hofu ya kila mtu. Safari hii walikubaliana juu ya viti. Mahakama Kuu iliusimamisha mswada Mei 13, 2021, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikashikilia kwamba rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyotengewa wananchi. Haukuwahi kufika debeni, na naamini kama ungefika, ungepata taabu kubwa Mlima Kenya.

Jirani wana mifano yao. Zanzibar, siku nne tu kabla ya Kenya, tarehe 31 Julai 2010, ilikubali serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66.4, baada ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad kuridhiana mwaka uliotangulia. Hapo pia wakubwa wawili walikuwa upande mmoja na kumbukumbu ya damu ilikuwa mbichi. Tanzania nzima ilipaswa kuipigia kura Katiba Inayopendekezwa tarehe 30 Aprili 2015, kwa sharti la kupata wengi Bara na wengi Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Kura iliahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za alama za vidole haukukamilika, na hadi sasa haijapigwa. Lakini UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walikuwa wameshatoka kwenye Bunge Maalumu Aprili 2014, kama mawaziri walivyotoka Bomas, na rasimu iliyobaki ikawa ya upande mmoja.

Kwa Kenya kazi iliyobaki ni ya karatasi yenyewe. Katika kesi ya BBI Mahakama Kuu ilitaka mapendekezo tofauti yaulizwe kama maswali tofauti. Mahakama ya Juu ikasema suala hilo halijafikia wakati wa kuamuliwa. Kwa hiyo atakayeleta mswada ujao anaweza tena kufunga maeneobunge, waziri mkuu na mgao wa fedha za kaunti katika furushi moja na kudai Ndiyo au La. Bunge linaweza kulimaliza hili kwa sheria, na linapaswa kufanya hivyo wakati ambao hakuna kampeni, kabla mtu yeyote hajajua kama furushi litamfaa yeye au mpinzani wake.